Makhan Singh, Katibu Aliyefungiwa Lokitaung

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa Lodwar na Kakuma. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wale waliokuwa zamu wasiweze kufika.)



Sisi tuliotumwa kusema nanyi leo ni watu wa reli, na mwajua reli haifiki hapa. Ilifika Kitale mwaka 1926 ikasimama pale pale. Toka Kitale mpaka Lodwar ni yapata kilomita 300 za barabara, basi tulipanda gari kama mtu mwingine yeyote. Humo garini tulisikia abiria wakisema wametoka "Kenya" nao sasa warudi nyumbani. Tulicheka kidogo, lakini neno hilo lina sababu yake, nasi tutalirudia. Tena tunasema mapema kwamba elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni. Mkisikia kosa la maneno, lisameheni, mshike habari.

Mwenye Kiti alitutaka tuseme kitu kabla ya kura ya Jumamosi ijayo. Kura yenyewe mwaijua: wakimbizi wanaofanya kazi kule Kakuma, waandikwe katika daftari la tawi letu, au wasiandikwe? Hatukuja kuwapigia kura. Tumekuja kuwapa habari za mtu mmoja aliyelikuta swali kama hili Nairobi mwaka 1935, akalijibu, na mwisho wa jibu lake akaletwa katika nchi hii ya Turkana na kufungiwa Lokitaung.

Mzee mmoja hapa mbele ametuuliza kama ni Mzee Kenyatta. Sivyo. Habari za Kenyatta twazijua sote. Aliletwa Lokitaung baada ya hukumu ya Kapenguria ya Aprili 1953, akahamishiwa hapa Lodwar mwaka 1959, akakaa hapa mpaka 1961 alipopelekwa Maralal, na nyumba aliyokaa watu huonyeshwa hata leo. Lakini kabla hajafika Kenyatta, miaka mitatu mbele yake, kulikuwa na mtu mwingine aliyefungiwa Lokitaung. Huyo alikuwa katibu wa wafanyakazi, na jina lake ni Makhan Singh.

Sisi wa reli twaona fahari kumtaja kwa sababu alitoka nyumbani mwa mtu wa reli. Baba yake, Sudh Singh, alikuja Kenya mwaka 1920, akawa fundi katika reli ya Uganda. Alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha mafundi wa reli mwaka 1922. Ukumbukeni mwaka huo. Ndio mwaka ambao Harry Thuku, aliyekuwa mwendesha simu wa Serikali Nairobi, alikamatwa kwa kupinga kipande na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Tarehe 16 Machi watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai, wakapigwa risasi. Serikali yenyewe ilikubali kwamba walikufa watu 21, na wengine walisema walikuwa wengi kuliko hao. Thuku akapelekwa Kismayu. Kwa hiyo, ndugu, desturi ya kumchukua mtu anayesemea mishahara na kumtupa kaskazini kwenye jua haikuanza na Makhan Singh.

Yeye mwenyewe alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, Punjab. Siku hizi kijiji hicho kimo katika Pakistan. Alifika Nairobi mwaka 1927, mtoto wa miaka kumi na mitatu, akasoma shule ya Serikali ya Wahindi, akafaulu mtihani mwaka 1931. Fedha za kuendelea hazikuwapo. Baba yake alikuwa na mtambo wa kupiga chapa, basi kijana akafanya kazi humo. Tunalitaja jambo hili kwa sababu gazeti letu hili ni la kupiga chapa wenyewe, na mwajua nguvu ya karatasi moja iliyoandikwa vizuri na kusambazwa usiku. Makhan Singh aliijua tangu ujana wake.

Machi 1935 mafundi wa Kihindi wa Nairobi walikuwa na chama kilichoitwa Indian Trade Union, nao wakamchagua katibu. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Sasa sikilizeni hali ilivyokuwa. Kazini palikuwa na mshahara wa Mzungu, mshahara wa Mhindi na mshahara wa Mwafrika, hata kama watu watatu walishika nyundo ya namna moja. Jambo hili lilidumu sana. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyoangalia mishahara ya Serikali, bado ilikata kwamba asiye Mzungu atapata tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Mpaka ilipokuja Tume ya Lidbury mwaka 1954 ndipo kanuni hiyo ilipokataliwa.

Basi fundi wa Kihindi alikuwa na hofu mbili. Juu yake alikaa Mzungu aliyemnyima. Chini yake alikuwa Mwafrika, ambaye tajiri aliweza kumfundisha kazi na kumlipa kidogo. Wengi waliona dawa ni kufunga mlango: chama kiwe cha Wahindi peke yao, kilinde kazi za Wahindi. Makhan Singh alikuwa katibu mpya, tena kijana, naye akapeleka shauri kwamba jina la Uhindi lifutwe. Mwaka ule ule wa 1935 chama kikaitwa Labour Trade Union of Kenya, na mlango ukawa wazi kwa mfanyakazi wa rangi yo yote na dini yo yote. Mwaka 1937 kikapanuka kuwa cha Afrika Mashariki.

Hapa hatutaki kuwadanganya. Mlango ulifunguliwa, lakini walioingia upesi hawakuwa wengi. Waafrika walisitasita, na twaona walikuwa na haki ya kusitasita, maana yule fundi wa Kihindi aliyewaita ndugu mkutanoni, kesho yake kazini huenda aliwaita "boi". Yapo pia maneno ya sheria yasiyogeuza moyo wa mtu kwa siku moja. Karatasi za chama zilitolewa kwa Kipunjabi, Kigujarati, Kiurdu, Kiingereza na Kiswahili, lakini mgomo mkubwa wa kwanza bado ulikuwa zaidi wa mafundi wa Kihindi.

Mgomo huo ulianza Aprili 1937, baada ya chama kudai mwaka uliotangulia saa nane za kazi kwa siku. Ulikwenda siku 62. Fikirini siku 62 bila mshahara, mwenye duka akidai, mwenye nyumba akidai. Mwishoni matajiri walikubali kuongeza mishahara kwa asilimia 15 mpaka 25, na saa nane zikakubaliwa. Chama kikaandikishwa kisheria. Hata hivyo twasema, tukitazama nyuma, faida kubwa zaidi ilitokea polepole: ilipofika 1939, ndani ya halmashauri ya chama walikuwamo Jesse Kariuki na George Ndegwa, wakubwa wa Kikuyu Central Association. Safari ilichukua miaka minne.

Habari za India tutazipita haraka. Alikwenda huko mwisho wa 1939, akawa pamoja na wafanyakazi wa viwanda vya nguo Ahmedabad, akakamatwa Mei 1940. Alikaa kizuizini zaidi ya miaka miwili, kisha akafungiwa kijijini kwake mpaka 1945. Agosti 1947 alirudi Nairobi. Serikali ya Kenya haikutaka hata ashuke melini, ikamwandikia amri ya kumfukuza. Akaipigania mahakamani, akashinda, akabaki.

Mwaka huo aliorudi ulikuwa mwaka wa moto. Januari 1947 Mombasa nzima iligoma siku kumi na mbili, watu yapata 15,000: wa bandari, wa mahoteli, watumishi wa nyumbani, na sisi wa reli tukiwamo. Chege Kibachia akawa kiongozi wa African Workers Federation, na Agosti akakamatwa na kupelekwa Kabarnet, akafungiwa huko kwa miaka yapata kumi. Mtaona kwamba kila katibu alikuwa na bonde lake au jangwa lake lililomngoja.

Tarehe 1 Mei 1949 vyama viliungana vikawa East African Trades Union Congress. Fred Kubai alikuwa Rais, Makhan Singh Katibu Mkuu. Mwafrika na Mhindi katika ofisi moja, Kiburi House, wakitia sahihi barua moja. Serikali ilikataa kuuandikisha muungano huo. Machi 1950 Nairobi ilipofanyiwa sherehe za kuwa Jiji, muungano uliwaambia wafanyakazi wasihudhurie, kwa sababu Jiji hilo lilikuwa la matajiri, na wafanyakazi walilala wamebanana katika vyumba vya Pumwani na Shauri Moyo. Kisha tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, kwenye mkutano wa K.A.U. na Wahindi wa Congress, Makhan Singh alisimama akataka azimio litaje uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wakati ule wengi waliokuwa wakubwa wa siasa walikuwa bado wanaomba viti viwili vitatu zaidi katika Baraza.

Wiki tatu baadaye, tarehe 15 Mei, yeye na Kubai walikamatwa. Siku ya pili yake Nairobi ikagoma, na mgomo ukaenea miji mingine, ukaendelea zaidi ya wiki. Walidai viongozi wao wafunguliwe, na Chege Kibachia pia. Walidai kima cha chini kiwe shilingi 100 kwa mwezi. Polisi wakatumia mabomu ya machozi Pumwani, na wengi wakafungwa.

Makhan Singh alipelekwa Nyeri mbele ya Jaji Thacker, yule yule ambaye miaka miwili baadaye aliketi Kapenguria kumhukumu Kenyatta. Alipoulizwa hakuficha lo lote. Alisema yeye ni Mkomunisti, na kwamba Serikali ya Kiingereza haikuwa na haki ya kutawala Kenya. Neno hilo la Ukomunisti kwetu tuliosoma misheni si neno jepesi, na wako humu ndani watakaolikunja uso. Nasi hatuwaombi mlipende. Lakini tumeyatazama madai yake yote: saa nane, shilingi mia, mlango mmoja wa chama, uhuru. Hakuna kati ya hayo ambalo mfanyakazi wa leo angelirudisha.

Basi Juni 1950 akaletwa Lokitaung.

Ninyi mwaijua Lokitaung kuliko sisi. Mtu wa Nairobi akiuliza iko wapi, mwambieni: pita Lodwar, endelea kaskazini, karibu na ziwa, mpaka umekaribia mipaka ya Ethiopia na Sudan Kusini. Kwa Serikali ya wakati ule ilikuwa mwisho wa dunia. Na hapa ndipo neno la wale abiria linaporudi. Wilaya ya Turkana ilikuwa imefungwa. Mtu wa nje hakuingia bila kibali. Wakoloni walikuwa wamekwisha kuwanyang'anya Waturkana bunduki na mifugo kwa vita, kama ule msafara wa Labur wa 1918, kisha wakaiacha nchi bila barabara na karibu bila shule. Walipotaka mahali pa kumficha mtu asisikike, wakaona hapa panafaa. Kwa hiyo mzee wa Lodwar akisema "nakwenda Kenya", hajakosea historia. Nchi yake ilitumiwa kama jela, na jela haihesabiwi kuwa mtaa wa mji.

Baadaye walimhamisha Maralal, kisha Dol Dol. Fred Kubai naye aliletwa Lokitaung mwaka 1953 pamoja na akina Kenyatta, na hapa Lodwar mwaka 1959. Makhan Singh alifunguliwa tarehe 22 Oktoba 1961, miezi miwili baada ya Kenyatta. Jumla ni miaka kumi na moja na zaidi. Mkewe, Satwant Kaur, alilea watoto watatu wakati huo wote. Katika vitabu mke wa mfungwa hupewa mstari mmoja, nasi twakiri kwamba hata hapa tumempa mmoja.

Alitoka akaikuta Kenya ambayo ilikaribia uhuru aliousema Kaloleni, lakini hakupewa cheo serikalini, wala vyama vya wafanyakazi havikumpa kiti cha maana. Akakaa akaandika. Kitabu chake cha historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya mpaka 1952 kilitoka 1969, na cha pili kilitoka 1980 yeye akiwa amekwisha kufa. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1973, umri wake miaka 59. Twaona ni aibu kwetu wa vyama kwamba kijana akiingia chamani leo hulijua jina la tajiri wa timu ya mpira Ulaya na hili halijui. Aibu hiyo tunaipokea sisi kwanza, maana tulikuwa watu wazima, tena na kadi ya chama mfukoni, ndipo tulipolisikia.

Sasa tuje Kakuma.

Kambi ilianzishwa mwaka 1992 walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo humo wamo watu wa mataifa mengi. Wako wakimbizi wanaofundisha darasani, wanaotafsiri hospitalini, wanaopakua mizigo, wanaochimba mitaro ya maji. Wanacholipwa hakiitwi mshahara. Huitwa insentivu, nayo ni kidogo sana kuliko anayopata Mkenya afanyaye kazi iyo hiyo pembeni yake. Hatutaji shirika lo lote, kwa kuwa hatukuja kushitaki, na ninyi mnaofanya kazi huko mwayajua yenu. Twauliza tu: mshahara wa namna hii mliusikia wapi mbele ya leo? Tatu ya tano ilikuwa nyingi kuliko huu.

Kuna ndugu mmoja, dereva wa hapa Lodwar, alitujibu jana jioni kwa ukali, na jibu lake si la upuuzi. Alisema: "Waturkana ndio wenye nchi. Kazi za kambi zikitoka, mezani wanakaa watu wa Kenya ya chini, na kazi za chini wanapewa wakimbizi. Mturkana anauza kuni na makaa. Sasa mwataka tuwaandike hao hao waliotuziba?"

Ndugu, tulinyamaza kwanza. Maneno yake ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Dai la kwamba kazi katika kaunti hii ziwatazame kwanza watu wake ni dai la haki, na kama lingekuwa ndilo lililoletwa mbele ya tawi tungeliunga mkono kwa mikono miwili. Lakini hebu tufuate shauri la dereva mpaka mwisho. Mkimbizi akibaki nje ya chama, je, ataacha kufanya kazi? Hataacha, ana watoto. Atafanya kwa insentivu. Na mradi anapatikana wa kufanya kwa insentivu, nani atamwandika Mturkana kwa mshahara? Anayemzibia Mturkana njia ni ile bei ya chini, na bei hiyo haipandi mtu akiachwa nje peke yake. Fundi wa Kihindi wa 1935 alidhani Mwafrika ndiye hatari. Hatari ilikuwa ule mshahara wa Mwafrika. Makhan Singh aliliona hilo akiwa na miaka ishirini na mmoja, nasi wengine twalitafuta tukiwa na mvi.

Kuhusu sheria, mmoja wenu aliuliza kama mgeni aruhusiwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, imesema kila mfanyakazi ana haki ya ujira wa haki na ya kujiunga na chama. Haikusema kila raia. Hata hivyo tusiwafiche wenzetu wa Kakuma kwamba vibali vya kazi ni mlango mwingine, na chama kikiwaandika leo hakitawaletea kibali kesho. Ada pia ni jambo la kuzungumza. Mtu wa insentivu hawezi kulipa ada sawa na karani wa Lodwar, na kumdai hivyo ni kumwandika kwa mkono mmoja na kumfuta kwa mwingine. Halmashauri iseme wazi kabla ya Jumamosi ada yao itakuwa kiasi gani.

Tena kuna jambo dogo ambalo twaliona kubwa. Tumepita Kakuma wiki hii, tukaketi katika mkahawa na mwalimu mmoja mkimbizi, aliyefundisha humo zaidi ya miaka kumi. Tulimweleza habari hizi za Lokitaung. Alisikiliza sana, kisha akauliza, "Na Waafrika, walipoona jina Indian limefutwa, walingoja muda gani kabla ya kuamini?" Tukamwambia miaka minne. Akacheka, akasema yeye kungoja anakujua.

Jumamosi, basi. Kura ni saa nne asubuhi katika ukumbi huu huu, kwa karatasi, si kwa kuinua mikono, ili mtu asione haya mbele ya jirani. Lori la Kakuma litaondoka saa kumi na moja alfajiri. Ni kilomita 120, na mto ukijaa litachelewa, kwa hiyo twamwomba Mwenye Kiti asifunge sanduku kabla halijafika. Kila mwenye kadi aje nayo. Aliyepoteza kadi amwone katibu Ijumaa, aje na risiti ya ada ya mwezi uliopita.